Kaunta ya Dirisha la Tatu

Tulianzia juu, chooni, orofa ya nne.
Nyapara Odanga anasema jengo kuukuu
huvuliwa kama mgonjwa: polepole,
na usimtazame usoni.
Tukang'oa masinki, tukateremsha lifti
iliyokwama mwaka niliotahiriwa,
tukabeba mafaili, magunia mia mbili na kitu,
panya wamezaa katikati ya mihtasari ya mikutano mikuu.
Saa nane upepo ukashuka Menengai,
vumbi likatupaka wote rangi moja,
fundi, kibarua, na mtoto wa mwenye mradi
aliyekuja kupiga picha.

USHIRIKA WA WAKULIMA WA PARETO.
Herufi za zege, kila moja kimo cha mtoto wa chekechea.
Chini yake mikono miwili inasalimiana,
haijaachana tangu jengo lizinduliwe
kwa ngoma na maziwa lala.
Wiki ijayo itafunikwa kwa bati la kijivu linalong'aa.
Haitavunjwa. Kuvunja ni gharama, asema Msanifu Chelagat.
Basi itaendelea kusalimiana humo gizani,
na nje tutabandika jina jipya
ambalo bado wanabishania.

Kazi yangu mimi ni sakafu.
Natindua terazo kwa mashine inayonitikisa hadi magego.
Hapa pataingia vigae vyeupe, nyaya za intaneti,
vyumba vya kioo vya kukodi kwa saa,
mashine ya kahawa.
Leo nimefika Dirisha la Tatu.
Malipo.
Wavu wa chuma, tundu la nusu duara
la kupitisha mkono, si uso,
na kaunta ya mwangati, imebonyea mahali pawili,
vibonde viwili, vilaini kama ndani ya kijiko.

Mama yangu, Nyaguthii, mwanachama 4417,
alikuwa akitoka Molo saa tisa usiku
na stakabadhi zake ndani ya kopo la majani chai.
Maua aliyachuma mwenyewe, vidole vikatoka ukurutu,
akayaanika juu ya magunia uani,
tukapiga chafya msimu mzima, hata mbwa.
Akifika dirishani aliambiwa: kesho.
Alikunja khanga, akarudi.
Kesho ile ilirefuka ikawa miaka kumi na mmoja.
Kopo bado ninalo. Naweka misumari.

Nilidhani kaunta hii ningeipiga nyundo kwa furaha.
Nimeilenga tangu orofa ya nne,
nikishuka ngazi nikiihesabia siku.
Lakini Msanifu akaja na kofia yake nyeupe,
akapitisha kiganja juu ya mbao, akasema:
Hii msiiguse. Ipigeni msasa, ipakeni vanishi,
itakaa mapokezi. Wateja wataipenda, ina historia.
Nikauliza, historia gani?
Akanitabasamia. Simu ilikuwa sikioni tayari.

Jioni, wenzangu wakinawa saruji pipani,
niliweka viwiko vyangu katika vile vibonde.
Havikuenea. Vyangu ni vipana,
na pale pamechongwa na watu wengi wembamba.
Nikainama, nikachungulia tunduni.
Ng'ambo ya wavu ameketi Odanga,
daftari la mahudhurio limefunuliwa mbele yake.
Nikapitisha mkono, nusu mzaha.
"Kesho," akasema. "Mwenye mradi hajatuma."
Hakucheka. Hakujua kitu.
Alikuwa akitafuta kalamu.

Nimepiga msasa hadi saa mbili usiku,
kwa taa ya waya mrefu,
ukingo, miguu, droo, kote.
Vile vibonde sikuvigusa.
Wakiuliza, nitasema mbao imegoma.