Maji ya Filamu

Mahakama ilipoamua kwamba maji hayana rangi,
baraza la mji lilileta malori matano ya zege
alfajiri, kabla ya magazeti.
Bibi yangu Ozella alikuwa na miaka kumi na mmoja,
begani taulo la kitambaa cha gunia la unga,
vidole vimenasa kwenye uzio wa waya.
Aliwaona wakimimina.
Saa tatu ubao wa kurukia ulikuwa bado umesimama
juu ya kitu kizito cha kijivu kilichojikunja kama uji.
Adhuhuri hapakuwa na bwawa.
Hakuna aliyepiga kelele, alikuwa akitusimulia.
Mzungu mmoja tu alikuwa anakula pichi,
akaitupa kokwa ndani, akajifuta mikono,
akaenda kazini.
Zege likimwagika halizoleki.

Kwenye filamu hakuna zege.

Kuna kocha mwenye macho ya huruma,
filimbi shingoni, na mke asiyemwelewa.
Anavua viatu. Anaingia majini yeye kwanza.
Ananyoosha mkono, na vinanda vinaanza.
Vinanda viliongezwa baadaye, najua,
maana nilikuwepo:
mimi ndiye msichana wa tatu kutoka kushoto,
mwenye kofia ya mpira.
Walichimba bwawa lao nyuma ya kinu cha pamba,
wakalipaka buluu kuliko buluu yenyewe,
wakanilipa dola tisini niruke mara kumi na nne.
Mara ya tisa mwongozaji akaniambia, Tavia,
cheka zaidi, leo historia inageuka.
Nikacheka.
Maji yalikuwa baridi na nilihitaji viatu vya shule.

Siku hizi watalii wanashuka hapo na kamera.
Kuna bango la shaba: HAPA NDIPO.
Siku ya kulizindua meya alisema yaliyopita si ndwele,
akakata utepe, tukapewa soda.
Bwawa lenyewe liko nyuma ya duka la dawa,
chini ya nyasi ambazo mjini hapa
huwa za kwanza kukauka.

Kila Februari darasa la nne huonyeshwa filamu.
Mwaka huu mwanangu Deshon alirudi anakimbia,
begi bado mgongoni:
Bibi, wewe ulikuwa yupi?

Ozella alikuwa anamenya viazi. Akafikiri.
Yule aliyeogopa kuruka, akasema.
Kocha akanishika mkono.

Nilingoja acheke.
Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia,
kisu kimetulia,
anautazama kama umelowa.

Jumapili nikampeleka nyuma ya duka la dawa.
Akapigapiga ardhi kwa fimbo, tok, tok,
mpaka sauti ilipobadilika.
Upande wa kina kirefu, akasema.
Kisha, baada ya kimya:
Na yule wa pichi, alikuwa wa ukoo gani vile?
Sikujua. Hakuwahi kunitajia.
Wa kuulizwa nani, na waliosimama kwenye uzio ule
wote wamelala makaburini, au wameitazama filamu?

Kwa kuwa nilitamka neno moja, Twendeni!,
kila inaporushwa hewani naletewa hundi.
Ya wiki hii ni dola moja na senti sita.
Nimeibandika kwenye friji kwa sumaku.
Sijaipeleka benki.
Sijaichana pia.