Skrubu ya Tano

Rogelio alipofunga mizigo yake, Julai,
aliniachia dramu nne, matoazi matatu,
kigoda kinacholia mguu mmoja,
na ufunguo mdogo wa chuma kwenye uzi wa kiatu.
Riali mia na ishirini, alisema,
na usiziweke karibu na kiyoyozi.

Chumba changu cha Ruwi, ghorofa ya tatu,
nyuma ya mafundi simu,
hakina pembe isiyo karibu na kiyoyozi.
Nje digrii arubaini na sita. Ndani, bucha.
Ngozi hizi si za mbuzi, hazijui moto wa makuti;
ni plastiki nyeupe, lakini nazo zina tabia:
nikifungua dirisha zinalegea,
nikilifunga zinanuna.

Natandika zulia kwanza. Asiye na zulia
atalifukuza besi mpaka mlangoni.
Besi lenyewe dogo, inchi kumi na nane,
usoni halina tundu. Rogelio alikataa kulitoboa:
jazi inataka tumbo lenye pumzi zake, alisema,
akalipapasa kama anayemuaga farasi.

Kisha ile ndogo. Naivua ngozi,
naufuta mdomo wa mbao kwa kanzu iliyochakaa,
naivika tena, nazungusha skrubu kwa vidole
mpaka zigome.
Hapo ndipo ufunguo.

Kwetu husema mwamba ngoma huvutia kwake.
Nami nilivutia. Nilianza na skrubu ya gotini pangu,
nikaikaza, nikahamia kwa jirani yake, na jirani yake,
ngozi ikaja kwangu yote,
upande wa pili ikakunjamana
kama uso wa mtu aliyedhulumiwa mirathi.
Sasa nimejua: ukikaza hapa, vuka.
Nusu mzunguko huku, nusu kule,
kama anayegawa nyumba ya baba
na ndugu zake wote wamekaa, wanamtazama mkono.

Snea namwacha mwisho, maana hana siri.
Chini yake nyuzi ishirini za chuma;
ukimsemesha mwenzake, yeye ndiye anayejibu.
Mlango ukibamizwa ghorofa ya kwanza, ana habari.
Alasiri msikiti ulipotoa sauti
nyuzi zikaanza kutetema bila ya mkono wa mtu.
Nikashusha kiwiko chake, zikanyamaza.
Nikakaa, kiganja juu ya ngozi,
adhana ikinipita vidoleni.

Halafu ufagio. Ngo, ngo, ngo,
sakafuni kwangu, darini kwake:
Bi Zuwena binti Hilali.
Nikashuka na samahani yangu mkononi.
Alisimama mlangoni, unga mpaka viwikoni.
"Sikukuitia kelele," alisema.
"Hiyo ndogo ina uongo. Inasema neno moja juu,
na jingine inalimumunya chini."
Nikamuuliza kajuaje.
"Nimegonga matikiti sokoni miaka thelathini.
Nishindwe na hilo?"

Nikapanda. Nikagonga ukingoni, skrubu kwa skrubu,
sikio karibu liguse.
Ya kwanza, sawa. Ya pili. Ya tatu, nilidhani ndiyo, siyo.
Ya tano ilikuwa imelala.
Robo tu; na robo nayo nyingi.
Nikapiga. Nikangoja.

Ufagio: mara moja.

Hatukuwa tumeagana kama moja ni ndiyo au hapana.
Nikairudisha nyuma upana wa ukucha,
nikapiga tena,
duara moja la sauti likatoka, likaenda zake,
halikuacha mkia.
Chini, bomba la maji likafunguliwa.
Karudi kwenye mkate wake.

Leo Alhamisi. Saa tatu usiku tutapiga hotelini, Qurum,
kiyoyozi chao kikali kuliko hiki,
na njiani kuna joto la kutosha kuharibu yote:
nusu, robo, ukucha.
Nimeivua kofia yangu, nimemfunika nayo snea.
Ufunguo uko mfukoni.
Bi Zuwena sitakuwa naye.