Nakala ya Waridi

Kazi yangu ni kuandika, si kupima.
Anayepima ni Anguzu, nyuma ya pazia la kijani.
Kigae cheupe mkononi, anakiyumbisha taratibu
kama anayebembeleza mtoto asiye wake:
tone la buluu, tone jekundu,
na maji ya damu ya mtu.
Yakibaki laini, hakuna neno.
Yakiganda kama maziwa yaliyosahauliwa juani
Anguzu hupiga mluzi,
nami naandika.

Widali, elfu kumi na tano.
Brusela, elfu ishirini.
Glavu, elfu moja. Sindano, elfu moja.
Kumwona daktari, elfu kumi,
hata siku ambayo daktari yuko Koboko mazishini.
Jumla arobaini na saba, kabla ya dawa.
Chini ya ukurasa nimelaza kaboni:
nakala nyeupe huenda na mgonjwa,
ya waridi hubaki kwangu.

Leo amerudi Letaru wa Oli, muuza angara.
Noti zake zinanuka samaki,
za elfu tano tano, zimelala ndani ya fundo la leso
alilolifungua kwa meno.
"Andika tu," kasema, "bei naijua."
Akaketi, kichwa ukutani, jicho moja limefumba.
Pazia likanyamaza.
Kisha mluzi.
Homa ya matumbo: moja kwa mia na sitini.

Namba hiyo kalamu yangu iliitambua kabla yangu.
Nikarudi nyuma daftarini.
Machi: moja kwa mia na sitini.
Juni, ile ile.
Agosti, ile ile, na hapo chini
alama ya kidole changu chenye wino.

Mchana, Anguzu akiosha kigae, nikamuuliza.
Hakugeuka.
"Ukiugua mara moja, kingamwili hubaki.
Mdudu anaweza kuwa alikufa mwaka juzi.
Hiki kipimo hakijui jana wala leo."
"Basi huyu anaumwa nini?"
"Sijui. Kuotesha vimelea ni kule hospitali kubwa,
majibu siku tano. Sisi tunauza dakika tano."
Akakung'uta maji.
"Na mshahara wako ukitoka, Bileru,
unadhani unatoka wapi?"

Nikakaa na hilo hadi chai ikapoa.
Kumbe damu nayo ina kaboni yake:
mgeni alishaondoka, vyombo akabeba,
imebaki nakala ndani ya mwili
nasi kila msimu tunaifungua kama barua mpya
tunamdai mwenye nyumba.

Letaru alikuwa bado barazani, akisubiri dawa zilezile.
Nikachana kurasa nne za waridi,
sauti yake kubwa kuliko nilivyotaka,
nikazibana pini, nikamwekea kiganjani.
Ijumaa bosi atahesabu vishina. Na ahesabu.

"Za nini hizi? Mimi nimeshalipa."
"Ndiyo maana, mama. Wapelekee hospitali kubwa,
waambie mara nne, jibu moja."
Akazigeuza, akazinusa, akazipima upana kwa vidole,
akauliza kama zitafaa kufungia samaki.

Zitafaa, nikamwambia.
Lakini zisomwe kwanza.