Makonyo

Daktari kachora pafu nyuma ya bahasha,
kalitia vidoto: hapa, na ini, na uti wa mgongo.
Ipo dripu, kasema, kila wiki tatu;
mionzi, hiyo mpaka muvuke Dar;
vidonge, kipimo kikikubali.
Au mofini tu, kwenu Wete.

Baba, miaka arubaini tanuri la chokaa,
sigara haijui,
kauliza kama anayenunua changu:
"Ipi inayoponya?"
"Haipo. Zipo za kurefusha."
"Mpaka karafuu za vuli?"
Daktari katazama dirisha.

Usiku, pumzi zikikatikia njiani, kaniita:
"Mize, twende dripu. Ikinishinda, nirudishe.

Na makonyo msiyatupe mwaka huu.
Nayo yana mafuta."