Bado Hajaiva

Pelotas, Agosti. Baridi ya kusini imeshika mifupa,
manyunyu hayakati, na mimi, Ivonete wa Sensa,
nina fulana ya serikali juu ya sweta mbili
na mashine kifuani kama mtoto wa kubebwa.
Mtaa umeshanizoea. Mbwa hawabweki tena.

Nyumba ina vyumba vingapi, maji yanatoka wapi,
choo mnachangia na nani:
hayo watu hujibu huku wanamenya viazi.
Kisha nafika pale. Rangi yako au asili yako ni ipi?
Na kisu kinasimama.

Visanduku ni vitano. Nyeupe. Nyeusi. Ya njano.
Asilia. Na hicho kingine, parda,
jina tunaloliita pia karatasi ya kufungia mkate.
Sina ruhusa ya kupendekeza.
Sina ruhusa hata ya kukunja uso.

Kwa Dona Zulmira wapo watano na sufuria moja.
Bibi mwenyewe: "Andika chai iliyosahaulika jikoni."
Nikamwambia haimo.
"Basi andika unavyoona."
Nikamwambia macho yangu hayajaajiriwa.
Akacheka mpaka akakohoa. "Nyeusi," akasema.
"Miaka sabini nilijibu parda kwa adabu tu."

Wanawe, Edmar na Valdeci, tumbo moja, titi moja:
huyu nyeusi, huyu nyeupe, kila mtu kwa kinywa chake,
wala hawakutazamana.
Edmar aliingia chuo kwa nafasi zilizotengwa.
Alikalishwa mbele ya meza ya watu watano
wakamkagua pua, nywele, midomo, dakika nne,
katika mji huu ulionenepa kwa nyama ya chumvi
na migongo ya watumwa walioikausha.
Wakasema: umepita.
"Nilifurahi," anasema. "Nikazunguka nyuma ya jengo, nikatapika."

Valdeci anagonga meza: "Lifuteni hilo swali!
Mkiacha kuuliza, litakufa lenyewe."
Dada yao Rosângela, muuguzi, hajavua hata viatu vya kazini:
"Atakufa nani? Wanaokufa wodini nawajua kwa sura.
Mficha maradhi, kilio kitamfichua.
Mimi nataka idadi. Nataka niibwage mezani kwa mkurugenzi
aone haya, kama anazo."

Mimi kimya. Fulana hainiruhusu.
Ila nyumbani, kabatini, nina karatasi mbili.
Baba yangu alizaliwa mweupe
kwa mwandiko wa karani aliyepelekewa kuku.
Akafa mweusi
kwa mwandiko wa daktari wa zamu
aliyemkuta usiku, kwenye machela, bila viatu.
Baba hakuhama. Kalamu ndiyo iliyohama.
Na leo kalamu iko mkononi mwangu, ina betri.

Mkinisimamisha dukani mkitaka jibu, sinalo.
Najua orodha inayoleta chanjo mtaani
siku nyingine itaweza kuleta askari:
barabara ni ile ile, namba za milango zile zile.
Najua pia mtaa wa mama yangu,
ambao kwa miaka haukuwa kwenye orodha yoyote.
Hawakuja askari. Hakuja mtu.

Nimeshafika mlangoni, mwavuli nusu wazi,
Zulmira ananiita: nimemsahau mmoja.
Yumo kwenye kapu karibu na jiko, ana siku tisa.
Jina? Wazazi bado wanagombana.
Mashine inakubali: hana jina. Nasonga mbele.
Rangi?

Edmar anamtazama mkewe. Mkewe anatazama dirisha.
Bibi anafunua blanketi, anachungulia ncha za masikio,
anageuza kiganja kidogo kwenye mwanga wa moto,
anafunika tena.
"Bado hajaiva," anasema.

Nabonyeza kuruka. Mashine inakataa.
Nabonyeza tena.
Mtoto anapiga chafya. Viazi vinachemka, vinamwagika,
mtu anainuka kupunguza moto.
Kwenye kioo visanduku vitano vinawaka,
na kidole changu kina baridi.