Daftari la Vipimo

Daftari ni la baba. Jalada la bluu limekwajuka,
linanuka mafuta ya cherehani,
na ukurasa wa arubaini na moja una jina moja tu,
limeandikwa mara saba, kwa kalamu saba:
Mlamali Hazi. Mtu wa Mbwezi.

Mara ya kwanza: kiuno ishirini na saba.
Kando yake baba kaandika: karani wa Kilindini,
analala kwa Bi Tufaa, Kibokoni, chumba cha juu.
Suruali moja. Atalipa mwisho wa mwezi.
Mwezi huo haukuwa na mwisho.

Mbwezi, kwenye ramani ya shule,
jina lake ni refu kuliko ardhi yake.
"Ukipiga chafya mashariki," alikuwa akisema,
"wa magharibi wanakuombea rehema."
Watu wakicheka. Usiku akiwaandikia barua
mabwana waliokitawala, kwa taa ya chemli,
na Bi Tufaa akigonga dari kwa mpini wa fagio:
Mafuta, mwanangu! Mafuta!

Mara ya pili: suti nyeusi, kifua thelathini na sita.
Bendera yao ilikuwa bado haijashonwa.
Alikuja na mchoro nyuma ya stakabadhi ya forodha,
akauliza: kijani gani hakichujuki kwa chumvi?
Baba akamkatia kipande kilichobaki
kwenye mapazia ya arusi moja ya Kuze.
Basi ile iliyopandishwa kwa mizinga ya kuazima,
watu wazima wakalia, ni pazia.
Siri ya nguo aijuaye ni sindano;
nasi tulinyamaza.

Ya tatu na ya nne hakuja mwenyewe.
Alikuja mjumbe na kamba yenye mafundo:
hapa mabega ya Mheshimiwa, hapa tumbo.
Baba akaipima kamba, akaipima tena,
akaandika arubaini na nne, akapiga mstari chini.
"Kisiwa kile kina minazi mingapi?" aliniuliza.
Nilikuwa mtoto. Nikajaribu kujibu.

Ya tano si ya mtu: mashati ya chama, elfu tisa.
Wapiga kura wa Mbwezi, tukasikia, ni elfu nane.
Alishinda.

Ya sita ni mwandiko wangu.
Baba alikuwa ameshatangulia, na redioni
shemeji wa Mheshimiwa alikuwa ametangaza
kwamba Mheshimiwa anapumzishwa.
Akaingia dukani na ndara, begi moja,
akaliangalia cherehani kama mtu aliyeona jamaa.
Nikamzungushia futi: thelathini na moja.
Ncha zilikutana mapema, nikaona haya mimi.

Alitaka kulipa ile suruali ya kwanza.
Akahesabu noti, kila moja ina uso wake,
kijana, ameshiba, anatazama mbali.
Duka la kubadilisha fedha walishazikataa.
Nikazipokea. Nikamwandikia risiti.

Akarudi chumba kile kile cha juu,
mjukuu wa Bi Tufaa akamtoza kodi ya miezi mitatu.
Na kila alfajiri Saandi muuza kashata,
ambaye kakake aliozea ndani ya mnara wa taa
kwa sababu ya utani uliochekesha baraza,
alipita chini ya dirisha lile
na kutema mate. Sio kwa nguvu. Kama anayehesabu siku.

Nasikia dirisha halikuwahi kufungwa.

Ya saba aliniletea Saandi mwenyewe,
Ijumaa, kabla ya adhuhuri, udongo magotini.
"Chenezo limepotea," akasema. "Nipe urefu wake.
Nataka nihakikishe anaenea."
Sikumuuliza anachimba kwa nini, au kwa ajili ya nani.
Nikafungua ukurasa, noti ikadondoka, akaikanyaga bila kujua.

Kiuno kimepanda, kimeshuka. Kifua, mabega,
hata shingo: kila safari tarakimu mpya.
Urefu, mara zote, kwa mkono wa baba na wangu,
futi tano na inchi saba.

Nikamsomea. Akarudia kwa midomo,
akaenda.