Kuita Mara Tatu

Usiku umeme wa Arua ukikatika
nasoma kwa mshumaa kitabu cha sheria
alichokiacha hakimu aliyehamishiwa Moyo.
Mchwa wamekila kona, kurasa tisini hazipo.
Ndimo nilimoukuta ukumbi wa London,
enzi za wafalme wenye kola pana:
mahakama tatu chini ya paa moja,
na wauza vitabu, na wauza glovu wakitaja bei
huku mtu akipoteza urithi wake
hatua sita kutoka hapo.

Mawakili walibishana kwa Kifaransa
ambacho Ufaransa yenyewe ingekicheka.
Na hukuingia mle na uchungu mtupu.
Uchungu ulinunuliwa hati ya mfalme, kwa ada,
kila jeraha na hati yake;
jeraha lisilo na hati
lilirudi nyumbani kujilamba.

Lililoninyima usingizi ni hili:
ili kudai shamba kwa njia fupi
walibuni mtu. Hakuzaliwa popote,
lakini kwenye karatasi amelikodi lile shamba;
wakabuni wa pili, asiyezaliwa vilevile,
aje amfukuze wa kwanza kwa fimbo na upanga.
Mahakama ikasikiliza ugomvi wa vivuli
ili wenye miili wapate hukumu.
Jaji alijua. Karani alijua.
Hata wauza glovu.

Mimi ni mkalimani. Miaka kumi na tisa
nasimama kati ya kizimba na meza,
Kilugbara kikiingia sikioni, Kiingereza kikitoka mdomoni,
Kiswahili nikibaki nacho
cha kugombana na polisi mlangoni.

Asubuhi ile, kesi ya arobaini na moja:
Candiru, mjane wa Adriko, wa bondeni kwa mto Enyau,
dhidi ya Onzima mwenye malori mawili na hati moja.
Hati inasema shamba aliliuza Geresomu Etoma,
sahihi yake imejikunja kama mkia wa kinyonga.

Candiru akasema, amvu.
Nikalitafsiri: shamba.
Halikutosha. Ndani ya lile la kwake mlikuwa na muhogo,
makaburi mawili,
jembe lililovunjikia pale mwaka wa njaa.
Ndani ya la kwangu mlikuwa na eka.
Hakimu akaandika eka.

Huyu Etoma yuko wapi?
Wakili wa Onzima akakohoa.
Mwite, hakimu akaniambia, akivua miwani.

Nikatoka varandani.
Geresomu Etoma!
Muuza mkaa akageuka, akavitazama viatu vyangu.
Geresomu Etoma!
Askari akacheka, labda na simu yake.
Mara ya tatu sauti ilinikwama. Nilikikumbuka kitabu:
sikusoma popote kwamba kule mtu alitoka mlangoni
akamwita kivuli kwa jina, akangoja.
Pengine waliona aibu, pengine walikuwa na haraka.
Sisi tumerithi wigi, na joho, na kuinamia kiti,
na hili la kuita.
Nikaita.
Bati likaalika kwa jua.

Nikarudi ndani, nikaandika:
Ameitwa mara tatu. Hakuitika.
Kesi ikasogezwa hadi mwezi wa tisa.

Ngazini Candiru akanishika mkono wa shati.
Sikutegemea alilolisema.
Jina lile umelipaza mpaka sokoni, alisema.
Langu umelitaja mara moja, chini chini,
nami niko hapa tangu saa kumi na moja alfajiri.

Sikuwa na wa kumtafsiria hilo.
Akafungua fundo la kitenge, akahesabu nauli.
Ilipungua mia tano.
Nikampa.